Kabla Sijakukabidhi Ufunguo

Zamda, vua viatu hapo mlangoni.
Si kwa adabu; ni vumbi la Hombolo,
jekundu, laini kama unga wa uwele,
linalopenda feni kuliko linavyompenda mtu.
Kila mwisho wa mwezi zima taratibu, fungua ubavu,
pangusa kwa brashi ya rangi. Usipulize kwa mdomo.

Mashine yenyewe ndiyo hii.
Ilikuja ushirika ukiwa na mizani moja
na gari lisilo na breki.
Waliotengeneza mfumo wake wameacha kuutibu:
hakuna kiraka kitakachokuja tena,
tundu la leo ndilo la kesho.
Kwa hiyo mtandao wa nje, hapana.
Kebo ya bluu niliing'oa mwenyewe nikaipiga fundo.
Mgeni akija na flashi, mpe chai;
flashi ibaki mfukoni mwake.

Watakuambia itupwe. Usibishane, wana haki.
Lakini programu ya mizani haijui kuzungumza
na mfumo mwingine wowote,
na aliyeiandika yuko Manyoni anafuga kuku,
hapokei simu msimu wa vifaranga.

Betri ndogo ya ubaoni imechoka.
Umeme ukikatika, mashine huamka ikidhani ni Januari
ya mwaka ambao wewe hujaanza shule.
Tazama saa kabla ya kupokea kreti la kwanza,
la sivyo utamlipa mtu zabibu za utotoni mwako.

Diski ikijaa haikohoi.
Kumbukumbu za matukio ndizo zinazoila, mstari kwa mstari.
Za zamani zihamishe kila Ijumaa,
na usifute usichokisoma.
Nenosiri kuu ni kama shoka:
hutoki nalo kwenda kuchuma mlenda.

Sasa kaa.

Mwaka wangu wa pili nilikuwa na nakala za akiba,
kila wiki kanda moja, tarehe kwa mwandiko mzuri.
Sikuwahi kurudisha hata moja.
Diski ikavunjika mwezi Machi, zabibu ziko mizanini.
Kanda ya kwanza: tupu.
Ya pili: tupu.
Kumi na moja zote, zina tarehe tu.

Wakulima wakaja bila kuitwa mara mbili.
Bibi Mbeleje akafungua pindo la kanga,
stakabadhi zimekunjwa ndogo kama punje za mtama.
Mzee Chalula alizitoa kwenye kitabu cha nyimbo,
mwingine kwenye kopo la dawa ya ng'ombe, zinanuka.
Siku tisa tuliandika upya kilo za watu.
Mmoja hakuwa na karatasi. Nikamuuliza, arobaini na mbili?
Akasema, andika thelathini na nane,
siku ile zilikuwa zimenyeshewa.

Kwa hiyo kila mwezi chukua kanda yoyote,
irudishe kwenye ile mashine kuukuu ya pembeni,
soma jina moja, kilo moja.
Ukiziona, ndipo uende kula.
Na stakabadhi za karatasi, wakitaka kuzifuta, kataa.

Limebaki jambo ambalo sikulifanya.
Kwenye orodha ya watumiaji, wa nne, yupo Ndahani.
Alikuwa karani wa mizani. Tulimzika Ihumwa,
miaka sita sasa.
Akaunti ya aliyeondoka hufungwa siku hiyohiyo;
nimeliandika mwenyewe daftarini, ukurasa wa tatu.
Yake niliiacha.
Usiku mwingine, nikisubiri nakala imalizike,
naangalia aliingia lini mara ya mwisho:
Jumanne, saa kumi na dakika nane,
kama saa ilikuwa sahihi.
Alitoka vizuri. Hakuacha faili wazi.
Ifunge wewe, nikishapanda basi.

Daftari hili hapa. Kila ulichogusa kiandike,
tarehe, saa, sababu,
hata ukikosea. Hasa ukikosea.

Na jenereta lile, kamba yake
ivute kwa mkono wa kushoto.